Gunia Juu ya Ngozi

Mke mwenzangu alikuwa na milango minne na viti vya ngozi rangi ya chai ya maziwa. Msidhani nafanya masihara. Mke mwenza ni yule anayelala na akili ya mumeo hata mumeo akiwa ubavuni mwako, na gari la Bwana Suud lililala na akili ya Hija wangu tangu siku lilipoteremshwa bandarini Wete.

Gari halikuwa letu. Nalisema hili mapema, kwa sababu mtu akimsikiliza Hija angedhani amelirithi kwa babu yake. Lilikuwa la Bwana Suud, mwenye mashamba ya karafuu, ambaye nyumba yake ya ghorofa ilikuwa hapo Jadida na kibanda chetu sisi nyuma ya ukuta wake. Hija alikuwa dereva wake. Lakini kuendesha kwenyewe kulikuwa kidogo. Pemba ile ukiendesha sana unaishia baharini. Kazi yake hasa ilikuwa viti.

Babake Hija alikuwa mshona makubadhi, kwa hiyo ngozi aliijua tangu utotoni, inavyokunywa na inavyokasirika. Hayo ni maneno yake, si yangu. Kila asubuhi alifungua milango yote minne akapitisha unyoya wa jogoo kwenye mishono, kwani mchanga ukibaki mle, mtu akikaa unakata uzi. Kisha alichukua kitambaa alichokikamua mpaka kikakaribia kukauka, maana maji kwa ngozi ni adui, akafuta kwa kufuata upande mmoja, kama mtu anayemlaza paka manyoya. Sabuni alitumia povu tu, tena kwa nadra. Jua lisiiguse. Kivuli cha ukuta kikihama, Hija naye akalisukuma gari kukifuata, peke yake, kanzu imefungwa kiunoni, na mimi nipo mlangoni namwangalia mwanamume mzima akikimbizana na kivuli.

Mwisho alipaka mafuta. Alichemsha mafuta ya nyonyo na nta ya nyuki, akayaacha yapoe, akayapaka kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, mpaka ngozi ikawa inateleza kama shavu la mtoto. Nyonyo zile nilizitwanga mimi. Mikono yangu ilikuwa mikavu kwa kuchambua karafuu za watu, na visigino vyangu vimepasuka kiasi cha kunasa uzi wa mkeka. Siku moja nikamwomba anitilie kidogo kwenye kifuu nipake miguu. Akakiangalia kibuyu cha mafuta, akaniangalia mimi.

"Hayatoshi, Mama Kazija," akasema. "Masika yanakuja. Ngozi isipopakwa sasa itaota ukungu."

Sikumwomba tena. Nikatwanga nyingine, zikaenda kule kule.

Kilichokuwa kikinichekesha, wakati nilipokuwa bado nacheka, ni kwamba mwenye gari hakuwa na habari. Bwana Suud alikuwa akipanda na machungwa, anayamenya humo humo, maji yanamtiririka mpaka kwenye viwiko na mbegu anazitemea popote. Hija anamwona kwenye kioo, anaumwa kama anayetolewa jino, na hasemi. Watoto wa Bwana Suud walirukaruka kwenye kiti cha nyuma na miguu yenye mchanga wa pwani. Hija akingoja washuke, akaingia na unyoya wake. Sijawahi kumsikia Bwana Suud akimwambia neno lolote kuhusu viti, la kusifu wala la kulaumu. Hili nalo nataka mlishike.

Basi mwanetu Kazija akaposwa.

Kazija ndiye aliyenibakia katika watoto wote niliozaa, na alikuwa na haya ya kweli, ile ambayo siku hizi hawazaliwi nayo. Aliyemposa ni Othman, kijana wa Mkoroshoni kule Chake, wao wana duka la nguo. Mamake, Bi Moza, alikuja kututazama. Alikaa kwenye kitanda chetu kwa nusu ya tako, akanywa kahawa kwa ncha ya mdomo, kisha akamgeukia mume wangu.

"Ati nnasikia weye ni mtu wa gari," alisema. "Kazi yako kuendesha au kufuta?"

Wenzake wakacheka. Hija, Mungu amhurumie, akaanza kumweleza namna ya kuchanganya nyonyo na nta. Mimi hapo hapo nikaapa moyoni kwamba mwanangu ataingia nyumba ya mwanamke yule ndani ya gari lile, amekaa juu ya ngozi ile, na Bi Moza ataona kwa macho yake.

Anayejua mila zetu atanielewa. Bwana harusi alikuja kwetu, akakaa fungate kwetu kama ada, na fungate ilipokwisha akatangulia kwao, ndipo mwali apelekwe kwa mumewe. Siku hiyo wanawake wa ugenini wanamtazama toka utosini mpaka kisiginoni, na watakachokiona ndicho watakachomwita nacho. Jina la mwanamke ugenini hupatikana pale, kati ya mlango wa ua na kizingiti cha chumba. Likiwa zuri analo, likiwa baya analo, na hakuna kadhi wa kulifuta. Hilo tu ndilo nililokuwa nikiligombania. Sikutaka mahari kubwa wala dhahabu.

Hija hakutaka kuomba gari.

"Gari la watu," alisema.

"Weye si mtu?"

"Mie mtu, lakini si mwenyewe."

Nikavaa buibui langu nikaenda mimi. Bwana Suud alikuwa barazani kwake na kikombe cha kahawa, amejinyoosha.

"Shikamoo, Bwana Suud. N'na haja kwako."

"Marahaba. Sema, Mwanabaraka."

"Kazija apelekwe Chake na gari lako."

Hakungoja hata nimalize. "Na hilo la kuja kuniuliza? Chukueni! Mie siku hizo n'takuwa Unguja, sina kazi nalo. Hija analijua zaidi kuliko mie."

Nikamshukuru, nikashuka ngazi miguu haigusi chini. Nilipompa Hija habari, nilitaraji atafurahi. Akaniuliza swali moja.

"Atatiwa hina?"

Miaka ile kisiwa kizima kilikuwa kimechacha kwa uchaguzi. Watu walisusiana maduka, walisusiana misiba, wengine waliacha wake kwa ajili ya chama. Nyumbani kwetu ugomvi ulikuwa juu ya kiti. Aliniuliza kuhusu hina asubuhi, akaniuliza kuhusu hina mchana, na mimi nilimjibu kwamba hajazaliwa mwali wa Pemba asiyetiwa hina, labda amzae yeye.

Siku ikafika. Kungwi wake, Bi Khairiya, alikuwa fundi ambaye hata Micheweni walimwita. Alimsugua Kazija singo, unga wa manukato, mpaka ngozi ikang'aa. Alimpaka mafuta ya nazi yaliyopikwa na mawaridi, mwilini na kwenye nywele, akamchora piko nyeusi juu ya hina mikononi na miguuni, akamfukiza udi, akampachika kikuba cha asumini. Kisha tukamvika gauni la hariri nyeupe aliloletewa na mumewe, hariri ambayo ukiipulizia inatembea. Nilimtazama mwanangu nikalia. Silii ovyo, lakini nililia.

Na muda wote huo Hija yuko nje ya pazia.

"Hina imekauka?"

"Imekauka, Baba Kazija."

"Mafuta mmemtia mengi?"

Bi Khairiya akashindwa kujizuia. "Yakhe, mwenye mwali yupo Chake anamngojea. Kuno nnani tena anouliza kama kapakwa mafuta?"

Wanawake wakaangua kicheko, mimi nikacheka nao. Nilidhani ni wasiwasi wa baba. Baba wengine hulia, baba wengine huswali, wangu anauliza mafuta.

Gari likaja mlangoni. Nisiwe mwongo, lilipendeza. Madirisha ya nyuma yametundikwa leso mpya ili mwali asionekane, na vigelegele vikapaa mpaka kunguru wakahama mti. Majirani wote wako nje. Nikamshika Kazija mkono, Bi Khairiya mkono wa pili, tukamtoa amefunikwa buibui gubigubi. Nikafungua mlango wa nyuma.

Magunia. Kiti chote cha nyuma, toka pembe hii mpaka ile, kimetandikwa magunia ya karafuu, mawili mawili, yamechomekwa chini kwa ustadi na kunyooshwa bila kunjo hata moja.

"Hija," nikamwambia kwa sauti ya chini, "nini hichi?"

"Nimeyafua jana. Safi hayo."

"Yaondoe."

"Mama Kazija, mafuta ya nazi yakiingia kwenye ngozi ile hayatoki. Na hina ndo zaidi. Itabaki doa milele."

"Basi tandika leso."

"Leso mpya inachuja rangi."

"Mkeka."

"Ukili unakwangua."

Alikuwa na jibu la kila kitu. Alikuwa amekaa siku nzima akifikiri, na kila alichokifikiri kilikuwa sahihi, na ndiyo maana nilitaka kumpiga. Leso mpya kweli inachuja. Ukili kweli unakwangua. Gunia ni laini na linakunywa mafuta, hakuna kitu bora cha kulinda ngozi isinywe. Ila hakufikiri kwamba atakayekaa juu ya gunia hilo ni mwali.

Watu walikuwa wanatutazama. Kugombana na mumeo mlangoni siku ya kumtoa binti ni kumwekea nuksi, na majirani walikuwa wameshaanza kunyoosha shingo. Kazija akanifinya mkono chini ya buibui.

"Mama, basi," alisema. "Mie n'takaa."

Akainama, akaingia, akakaa. Bi Khairiya akafuata akisonya, na mimi nikaingia mwisho.

Njia ya Chake ilikuwa vilima na makona, vumbi jekundu, na jua la saa nane. Humo ndani, na leso madirishani, tulikuwa kama muhogo ndani ya chungu. Kazija alianza kutweta. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuona ndani, Bi Khairiya akasema tumvue buibui asije akazimia, na tukamvua, akakaa na gauni lake. Nilihisi unyevu chini yangu nikadhani ni jasho. Haikunijia kwamba magunia yaliyofuliwa jana hayajakauka yote.

Hija aliendesha pole pole, kila shimo akilizunguka. Mara kwa mara alitazama kwenye kioo. Mwanzo nilidhani anamtazama bintiye, nikaanza kumlegezea moyo.

"Kazija," akasema, "usisogee sana, mwanangu. Gunia lisije likateleza."

"Naam, baba," akajibu Kazija, akaacha kusogea. Alikaa vile vile, mgongo wima, mpaka Chake.

Mkoroshoni palijaa. Bi Moza alikuwa amewaita wake wa mtaa mzima, na nilipoona macho yalivyowatoka kwa gari lile nilisahau yote. Walikuja na leso zilizotandazwa, wakazinyanyua kulia na kushoto, zikawa ukuta, ili mwali ateremke wanaume wasimwone. Kazija akateremka na gauni lake la hariri, shali kichwani, macho chini kama alivyofundwa. Tukapita kati ya leso mpaka ndani ya ua wa wanawake. Mlango ukafungwa, leso zikashushwa, ngoma ikakazana. Nilimwona Bi Moza akimtazama uso, mikono, piko, na nikaona ameridhika. Wallahi aliridhika. Alitabasamu kwa shida, lakini alitabasamu.

Kisha Kazija akageuka kupanda ngazi ya chumba.

Kwanza aliyekuwa akipiga ngoma aliacha. Halafu mtu mmoja nyuma yangu akatoa sauti kama ya chafya. Nikatazama wanapotazama. Toka kiunoni kushuka chini, juu ya hariri ile nyeupe, palikuwa na alama ya buluu, kubwa, iliyogeuka kinyume na kuvujika pembeni. Ilikuwa ile ile inayopigwa kwenye magunia ya karafuu yakishapimwa. Unyevu na mafuta na joto vilikuwa vimeunyonya wino kutoka kwenye gunia na kuutia kwenye gauni. Ingekuwa mji mwingine watu wangedhani ni doa. Lakini hii ni Pemba. Hapakuwa na mwanamke uani pale ambaye hajapata kuibeba alama ile kichwani.

"Jamani," alisema Bi Moza, "tumeletewa mwali au tumeletewa karafuu?"

Ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Mmoja akapiga kelele, "Mpelekeni mizanini!" Yule mwenye ngoma, shetani wa watu, akaupata wimbo papo hapo, na wenzake wakaupokea:

Gunia limetufika, lipimeni uzitowe,
Kama halijakauka, juani na lianikwe!

Nikafungua leso yangu ya juu nikamfunga mwanangu kiunoni. Mwali haruhusiwi kugeuka nyuma wala kunyanyua macho, kwa hiyo hakuwa ameona kitu. Alinisogelea sikioni.

"Mama," alisema, "wanacheka nini?"

"Hamna kitu, mwanangu. Furaha tu."

Bi Moza alipita karibu yetu, akasema kwa upole, kama anayejisemea mwenyewe: "Nguo ya kuazima haisitiri matako." Na alikuwa na haki.

Nilimwacha Kazija chumbani na Bi Khairiya nikatoka nje. Sijui nilitaka kufanya nini. Gari lilikuwa kivulini, kama kawaida yake. Mlango wa nyuma uko wazi, magunia yamekwisha kuondolewa na kukunjwa vizuri chini, na Hija ameinama ndani anapitisha kiganja juu ya kiti, toka mshono mpaka mshono. Aliponisikia aligeuka, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha. Nimeishi naye miaka mingi, furaha kama ile sikumwona nayo hata siku alipozaliwa Kazija.

"Salama, Mama Kazija," alisema. "Hata tone halikupita."

Nilitamani hina ingekuwa moto ikaila ngozi ile mpaka kwenye mbao. Nilimchukia. Nalisema wazi, wakati ule nilimchukia mume wangu kama ninavyomchukia mwizi.

"Mwano je?" nikamwuliza. "Mwano yu salama? Hilo huulizi?"

"Kwani kuna nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na wimbo nikamwimbia, maana ulikuwa unasikika hata pale tuliposimama. Alisikiliza mdomo wazi. Kisha akakaa, na nataka mjue alikaa wapi: chini, kwenye vumbi, na kanzu yake nyeupe. Ndani ya gari hakukaa.

Kurudi Wete sikupanda naye. Nilikwenda barabarani nikasimamisha lori la karafuu, nikarudi juu ya magunia, kwa khiyari yangu.

Bwana Suud aliporejea kutoka Unguja habari ilikuwa imeshamfikia. Pemba habari haingoji meli. Nilikuwa kisimani nyuma ya ukuta nikawasikia. Alicheka, kisha nadhani aliona uso wa Hija, akaacha kucheka.

"Nani aliyekwambia utandike magunia, Hija?"

"Hakuna, Bwana."

"Mie nilikwambia?"

"Hapana, Bwana."

"Ngozi tu ile, yakhe. Ng'ombe aliyekufa. Ingechafuka ingechafuka."

"Naam, Bwana," akasema Hija.

Nilishika kamba ya ndoo nisiweze kuivuta. Sikujua nimkasirikie nani. Mwenye kitu ana raha ya kukidharau, na asiye nacho ndiye anayekiogopa. Ingekuwa Bwana Suud amekataza, ningekuwa na mtu wa kumlaani mpaka nife. Lakini hakukataza mtu. Mume wangu alijikataza mwenyewe, akamkataza na mtoto wake, kwa ajili ya kiti ambacho mwenyewe anakitemea mbegu.

Kazija akaitwa Gunia. Nilijua itakuwa hivyo na ikawa. Ukienda Mkoroshoni ukauliza mke wa Othman watakuuliza, "Gunia?" Kwenye shughuli za watu, akiingia, yuko atakayesema "sogeeni, mzigo umefika," na kicheko. Othman si mtu mbaya. Ni mume mzuri chumbani na hana kauli ukumbini, na mamake ndiye mwenye ukumbi. Kila nilipokwenda kumtazama nilimkuta Kazija amekaa pembeni, karibu na mlango wa jiko, na hakuwahi kunilalamikia. Alikuwa akiniuliza tu, "Baba hajambo?"

Masika yaliyofuata Bwana Suud alirudi tena Unguja, akaona magari ya wenziwe yana viti vya plastiki vyekundu vinavyofutwa kwa maji basi, na watoto wanakaa watakavyo. Akavipenda. Alimleta fundi, akaichana ile ngozi, akaing'oa na misumari yake. Hija alisimama pembeni muda wote kama anayeangalia maiti ikioshwa. Walipomaliza Bwana Suud akamwambia, "Ichukue, Hija. Umeitumikia." Alisema kwa wema. Mtu yule ubaya hakuwa nao, ndiyo shida yenyewe.

Hija aliileta nyumbani begani. Alitengeneza benchi la mninga, akatia makumbi ya nazi, akaipigilia ngozi juu, mishono sawa sawa. Akaliweka ukumbini petu, pale unapoingia, na kila Ijumaa akilipaka nyonyo.

"Kazija akija," alisema, "atakalia hii."

Nilimwelewa. Maneno ya kumwomba mtoto radhi hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni ile ngozi. Na nikajikuta, mimi niliyeichukia, natwanga nyonyo tena bila kuambiwa.

Kazija alikuja Idi Mosi, amekuja na binti yake Mwanawema, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Hija alikuwa amenyoa, amevaa kanzu ya Idi, kitambaa chake cha kufutia kiko begani kwa mazoea. Walipeana mkono, Kazija akaubusu mkono wa babake.

"Karibu, mwanangu," alisema Hija. "Kaa hapa. Hii ndo ile."

Kazija aliitazama. Aliinama akaweka kiganja juu yake, akakipitisha toka pembe mpaka pembe. Ndipo nilipokumbuka kwamba hajapata kuigusa. Amekulia nyuma ya ukuta ule, ameiona kila siku kupitia mlango wa gari, na siku moja aliyoipanda palikuwa na gunia katikati.

"Kumbe laini vino," alisema.

Alikuwa anacheka. Alikunja buibui lake, akageuka ili akae, na Hija akamshikia benchi kama lingekimbia. Nilikuwa mlangoni pa jiko.

Mwanawema alitoka kwangu. Nilikuwa nimempa kipande cha halua, na alikuwa amekishindilia kwenye viganja vyote viwili. Alimwona mamake, akakimbia kwa ile mbio yao ya kuanguka, akafika kwenye benchi na kujishika asianguke. Mikono yote miwili, juu ya ngozi.

Mkono wa Hija ulitangulia kuliko akili yake, hilo najua. Kitambaa kilitoka begani, akamwondoa mtoto kwa kiwiko, bila nguvu, akafuta. Akafuta kwa kufuata upande mmoja, akatemea mate kidogo, akafuta tena, akainamisha kichwa kutazama kama pamebaki doa. Mtoto alisimama pale mikono imejaa halua, anaitazama mikono yake kama iliyofanya kosa. Ile hakuna aliyeifuta.

Kazija hakuwa amekaa. Alikitazama kitambaa kinavyokwenda na kurudi. Kisha akamnyanyua mwanawe, akampita babake, akaja jikoni kwangu. Palikuwa na gunia limetundikwa ukutani, lile ninalotandika nikichambua karafuu na makonyo yake. Akaliangua, akalikung'uta, akalitandika chini, akakaa na mtoto mapajani, akaanza kumlamba vidole kimoja kimoja.

"Mama," alisema, "nitilie chai."

Ukumbini Hija alikuwa amemaliza. Tulimsikia akirudi nyuma kidogo, kuangalia kazi yake kwa mbali.

"Kazija!" aliita. "Njoo ukae, mwanangu. Pashakuwa safi."

Nikamtilia mwanangu chai.